Matembezi ya mtumbwi Duluti na Momela: Maji mawili ambayo mkazi wa Arusha huyapita bila kuyaona

JIJI la Arusha halina mto wa kupitisha meli. Themi, Naura, Kijenge na Burka, mito inayoteremka kutoka Mlima Meru na kukatiza mitaa ya jiji, huvukwa kwa hatua chache wakati wa kiangazi, na masika inapozidi hugeuka mito ya mafuriko, si ya kusafiria. Mkazi wa jiji hili aliyeona picha za Paris au Budapest, ambako watalii huketi juu ya mashua mchana kutwa wakipitishwa kando ya makanisa na majumba ya kale, anaweza kudhani kuwa burudani ya namna hiyo haimhusu.

Kwa hakika inamhusu, ingawa kwa sura nyingine. Ndani ya mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Mnara wa Saa kuna maji mawili yanayotembelewa kwa mtumbwi, mchana, chini ya uangalizi wa waongozaji: Ziwa Duluti lililopo Tengeru, na Ziwa Momela Ndogo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Wageni kutoka ng'ambo huyafahamu yote mawili kwa kuwa yamo katika ratiba zao. Wenyeji wengi huyapita wakienda Moshi.

Inafaa kuangalia kwanza kile kinachouzwa huko Ulaya. Abiria wa mashua katika mto Seine halipi nauli ili afike mahali. Mara nyingi hushuka palepale alipopandia. Anacholipia ni kingo za mto na maelezo yake. Kingo za Seine jijini Paris ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1991, na zile za Danube jijini Budapest zilitangulia mwaka 1987. Mashua ni kiti tu. Biashara yenyewe ni hadithi ya kinachoonekana ng'ambo ya maji, na sauti ya mwongozaji ikinyamaza, nusu ya thamani ya tiketi imepotea.

Kingo za Duluti na Momela hazina majumba ya wafalme. Hadithi zipo, tena nzito, lakini mara nyingi ndizo zinazoachwa. Mgeni huonyeshwa ndege, huonyeshwa twiga, hupigwa picha, kisha hurudishwa gatini.

Duluti, ziwa lisilo na mto

Ziwa Duluti lipo takriban kilomita 14 mashariki mwa katikati ya jiji, upande wa kusini wa barabara kuu iendayo Moshi, mahali palipoinuka karibu mita 1,290 kutoka usawa wa bahari. Ni ziwa la kreta, yaani bonde la duara lililoachwa na mlipuko wa volkano na baadaye kujaa maji. Ukubwa wake ni kama hekta 60. Hakuna mto unaoonekana ukiingia wala ukitoka; maji yake hutokana na mvua pamoja na maji yanayopita chini ya ardhi.

Hali hiyo ya kutokuwa na mlango wa maji ndiyo iliyozaa simulizi nyingi. Wapo wanaosema kuwa ziwa halina mwisho, na baadhi ya vipeperushi vya utalii vimekuwa vikitaja kina cha mita 700 bila kusita. Watafiti waliochunguza tope la sakafuni mwake ili kusoma historia ya hali ya hewa ya eneo hili walikuta kina cha mita tisa hivi. Tofauti hiyo si ndogo. Pengine mwongozaji angepata sifa zaidi kwa kueleza takwimu sahihi, kwa sababu ziwa lenye kina kifupi na lisilo na mkondo wa kulisafisha linashangaza zaidi: kila kinachotiriririka humo kutoka mashambani na majumbani hubaki humo.

Kinga yake ni ukanda mwembamba wa miti ya asili uitwao Msitu wa Hifadhi wa Duluti, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Nje ya ukanda huo kuna mashamba ya kahawa, bustani za maua na mboga, makazi yanayoongezeka kila mwaka na taasisi kadhaa, ikiwamo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Aliyemo katikati ya ziwa haoni hata kimoja kati ya hivyo. Huona miti imeinama juu ya maji, matete na mafunjo ukingoni, na hali ya hewa ikiwa njema, kilele cha Meru upande wa kaskazini magharibi. Kuta za kreta huzuia kelele za malori. Ni jambo la ajabu kidogo kwa eneo lililo karibu hivyo na mojawapo ya barabara zenye magari mengi kaskazini mwa nchi.

Mtumbwi huzunguka ziwa kwa muda wa saa moja hadi mbili, kutegemea mikono ya wapiga makasia. Hapa hakuna injini. Mnandi hukausha mabawa juu ya magogo, mdiria hutumbukia kama jiwe na kuibuka na samaki, furukombe hulia kutoka juu ya miti mirefu, na kenge, ambao ni wakubwa kuliko wengi wanavyotarajia, hujianika kwenye mizizi. Nyani na kima huonekana msituni. Asiyependa maji anaweza kulizunguka ziwa kwa miguu, katika njia inayopita chini ya miti.

Hadithi za kingo hizi zinaanza nyuma sana. Kilomita chache kutoka hapo, Akeri, ndipo wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipouawa na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha Oktoba 1896. Wajerumani walijibu kwa misafara ya kijeshi iliyoteketeza vijiji na kupora ng'ombe, na mwaka 1900 Boma la Arusha likasimamishwa, lile ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kwa maneno mengine, jiji lenyewe, kama mji wa kiserikali, limezaliwa kutokana na tukio lililotokea karibu na ziwa hili.

Nusu karne baadaye Tengeru ilipokea watu wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, walianza kufika wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti hadi Siberia na Asia ya Kati, kisha wakapitia Iran. Kambi ya Tengeru ilikuwa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za Wapolandi barani Afrika, ikiwa na watu wapatao 5,000 waliokaa katika vibanda vya duara vilivyoezekwa kwa nyasi, wakiwa na shule, kanisa na mashamba yao. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Makaburi yao, yapatayo 150, yangalipo katika eneo la chuo cha mifugo cha Tengeru na yanatunzwa. Umbali kutoka ziwani ni wa kutembea kwa miguu. Anayefika Duluti Jumatano au Jumamosi atakuta pia soko la Tengeru limejaa, na hapo ndipo pa kununulia ndizi na maparachichi ya kurudi nayo nyumbani.

Momela, mabaki ya mlima ulioanguka

Safari ya pili ni ya mbali zaidi na gharama yake ni kubwa zaidi. Msafiri huacha barabara ya Moshi eneo la Usa River, akapanda kaskazini hadi lango la Ngongongare. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Hifadhi ya Taifa ya Kreta ya Ngurdoto, na ikapewa jina la Arusha mwaka 1967 baada ya Mlima Meru kuunganishwa nayo.

Maziwa ya Momela ni saba: Momela Kubwa, Momela Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia. Ili kuyaelewa, abiria wa mtumbwi anapaswa kugeuza shingo na kuutazama Meru. Mlima huo wenye urefu wa mita 4,566 hauna ubavu wa mashariki. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo uliporomoka, na mawe, jivu na tope la volkano vikamwagika kuelekea mahali Kilimanjaro ulipo. Mashimo yaliyobaki katika kifusi hicho yakajaa maji yapitayo chini ya ardhi. Vilima vidogo vilivyotapakaa kati ya maziwa ni sehemu ya kifusi hichohicho. Mtumbwi unaelea, kwa hiyo, juu ya mlima ulioanguka. Meru ulitoa jivu mara ya mwisho mwaka 1910, na wanasayansi hawauhesabu kuwa umekufa.

Kila ziwa lina kiwango chake cha madini, ndiyo maana rangi hutofautiana kati ya ziwa na ziwa: moja kijani, jingine buluu, jingine karibu na kahawia. Maji ni ya magadi na yana floraidi nyingi mno. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 1.5 kwa lita kuwa kikomo cha maji ya kunywa, wakati vipimo vya Momela Kubwa vimefika mamia ya miligramu. Msomaji wa Arusha hahitaji kuambiwa maana yake. Meno ya rangi ya kahawia na mifupa iliyopinda kwa watoto wa baadhi ya vijiji vya Arumeru ni ushahidi wa kile ambacho mlima huu unatia katika chemchemi zake. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi katika maji, na mojawapo ya njia zilizojaribiwa hapo ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Magadi hayohayo yanayomdhuru binadamu ndiyo yanayowaleta flamingo, ambao Waswahili huwaita heroe. Hula mwani mdogo unaostawi katika maji hayo na huja kwa maelfu katika baadhi ya misimu, hususan Momela Kubwa. Lakini karamu hiyo nayo ina sumu. Mwaka 2004 heroe wengi walikufa Manyara na Momela Kubwa, na watafiti wakataja bakteria wa kijani-buluu wanaotoa sumu kuwa chanzo kinachowezekana.

Matembezi ya mtumbwi hufanyika Momela Ndogo na huchukua saa mbili hadi tatu. Msafara huwa na mwongozaji pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu ziwa lina viboko na ukingo wake una nyati. Hapa ndipo tofauti na Duluti inapojitokeza. Nyati aliyesimama kwenye matete humtazama mpiga kasia kwa utulivu ambao hangekuwa nao mbele ya mtu anayetembea. Twiga hushuka kunywa. Kuro, pongo na ngiri hupita nyuma yake. Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro huonekana mashariki na Meru magharibi, na aliyeketi katikati ya maji huwa na milima mirefu miwili ya Tanzania pande zake mbili bila kupanda hata mmoja.

Waongozaji wengi hupenda kutaja filamu. Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuigizwa na John Wayne, ilitoka mwaka 1962, na sehemu kubwa ya picha zake zilichukuliwa Momela. Mwigizaji mwenzake wa Kijerumani, Hardy Krüger, aliipenda nchi hii hata akanunua shamba papo hapo. Shamba hilo liliwahi kuwa la familia ya Trappe, walowezi wa Kijerumani waliofika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Hadithi hiyo ni tamu, na wageni huifurahia. Mwandishi wa makala haya anaona kuwa ile ya jirani yake ina uzito zaidi. Kaskazini tu ya maziwa haya kuna Ngare Nanyuki. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwaondoa hapo Wameru wapatao 3,000, ikachoma nyumba zao, ili ardhi igawiwe kwa walowezi wa Kizungu wafugaji. Wameru walichanga fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet hadi New York, ambako mwaka 1952, akifuatana na mwanasheria Earle Seaton, alifikisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa mara moja, lakini kesi hiyo iliamsha siasa ya Tanganyika miaka miwili kabla ya kuzaliwa kwa TANU. Vijana wengi wa Arusha waliosoma habari hiyo shuleni hawajui kuwa mahali penyewe panaonekana kutoka ndani ya hifadhi wanayoisikia kila siku.

Usalama majini

Tarehe 29 Mei 2019 mashua ya watalii iitwayo Hableány iligongwa na meli kubwa chini ya daraja la Margit jijini Budapest, usiku, mvua ikinyesha. Ilizama kwa sekunde chache. Kati ya watu 35 waliokuwamo, wengi wao watalii kutoka Korea Kusini, waliookoka ni saba. Abiria hawakuwa wamevaa maboya. Tanzania ina misiba yake ya majini, kuanzia MV Bukoba mwaka 1996 hadi MV Nyerere mwaka 2018, na katika yote somo la chombo kujazwa kupita kiasi limerudiwa hadi limechosha masikio.

Mtumbwi wa Duluti hauwezi kulinganishwa na meli hizo, lakini kina cha mita tisa kinatosha kabisa kumzamisha asiyejua kuogelea, na wengi wetu wa bara hatujui. Kila abiria avae jaketi la kuokolea kabla ya kuingia, alifunge vifungo vyote, na akatae lililochakaa. Katika ziwa moja nje ya mkoa huu mwandishi alikabidhiwa jaketi lenye kifungo kimoja kilichokatika, akaambiwa alishike kwa mkono. Alibaki ukingoni. Mtoto apewe la kipimo chake, kwani la mtu mzima humvuka kichwani mara aingiapo majini.

Momela kuna sharti la ziada: kiboko apewe nafasi. Hatari yake kubwa huja pale chombo kinapokaa kati yake na maji ya kina anayoyakimbilia, au karibu na mama mwenye ndama. Abiria asimshawishi mwongozaji kusogea kwa ajili ya picha. Duluti, kwa upande wake, si mahali pa kuogelea. Kichocho ni tishio katika maji mengi yasiyo ya magadi ya ukanda huu.

Wakati bora kwa maji yote mawili ni asubuhi, kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne. Baada ya hapo mawingu hufunika Meru na upepo huanza kusukuma mtumbwi upande. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara za ndani ya hifadhi huteleza. Juni na Julai kuna ukungu na baridi ambayo wageni hawaitegemei chini ya ikweta.

Kuhusu gharama, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, na kiwango chao ni kidogo sana kuliko cha wageni wanaotozwa kwa dola. Ada ya mtumbwi hulipwa mbali na kiingilio. Viwango hubadilika, hivyo ni busara kuuliza kabla ya safari, na hifadhi za taifa zimeacha kupokea fedha taslimu malangoni. Duluti ni nafuu zaidi na hufikika kwa daladala za Tengeru na Usa River, kisha pikipiki au miguu. Kundi la watu wanne au watano waliochangiana hulipa kila mmoja chini ya gharama ya harusi moja ya rafiki, na hilo halihitaji kamati.

Kwa anayetaka mto hasa

Atakayesisitiza kuwa ziwa si mto, na kwamba anataka mji wa kale kando yake, asiende Ulaya kwanza. Afuate maji ya Themi. Themi huungana na mito mingine ya Meru katika Kikuletwa, nao Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu pamoja na Ruvu utokao upande wa Kilimanjaro. Kutoka hapo mto Pangani hushuka hadi Bahari ya Hindi, kwenye mji unaobeba jina lake. Njiani mashamba ya umwagiliaji na mitambo ya umeme hunywa sehemu kubwa, kiasi kwamba wakati wa kiangazi ni machache sana ya Arusha yanayofika.

Pangani kuna mashua zinazopanda mto mchana, zikipita minazi, mikoko na mashamba ya mkonge, na mjini kuna nyumba za kale zenye milango ya kuchonga pamoja na Boma. Hapo ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888, aliponyongwa Desemba 1889, miaka saba kabla ya mauaji ya Akeri. Kutoka Arusha ni safari ya kutwa nzima kwa basi kupitia Tanga, hivyo anayekusudia kwenda apange angalau usiku mmoja wa kulala huko na aulize saa za maji kujaa, kwa kuwa mashua za mtoni hufuata bamvua na maji mafu ya bahari.